Vitabu Viwili Mkononi, Hela ya Kimoja

Binti wa kaka yangu alinipigia simu akiwa amesimama mbele ya meza ya muuza vitabu, Moshi mjini, kelele za makonda zinaingia mpaka masikioni mwangu. "Shikamoo shangazi. Nimeshika viwili hapa, hela ninayo ya kimoja. Nichukue kipi?"

"Marahaba. Vipi hivyo?"

Akanitajia: Rosa Mistika na Nagona, vyote vya Euphrase Kezilahabi. Nikamuuliza atakwenda kusomea wapi. Akacheka. Nadhani alijua shangazi ameanza kuzeeka.

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko Kaloleni, Arusha, na Jumamosi nikifunga kazi napanda kosta kwenda Moshi, kisha Kibosho kwa mama. Mteja akileta kitambaa, kabla sijashika mkasi namuuliza anakwenda kuvalia wapi. Kanisani? Sendofu? Ya kushindia? Kitambaa kizuri kikikatiwa shughuli isiyo yake, hasara. Vitabu nami navipima hivyo hivyo. Kile kinachonimalizia kilomita 80 hivi za barabara ya Moshi, konda akinisukumia abiria wa nne kwenye kiti cha watatu, sicho nitakachokishika usiku wa mwezi wa saba, baridi ya Meru imeshaingia hadi kwenye godoro.

Basi nitaviweka viwili viwili, vile vinavyokaa mkononi mwa mtu mwenye hela ya kimoja. Mwalimu wa fasihi ana mizani yake, wala sigombani naye.

Wa kosta: Bwana Msa au Willy Gamba

Safarini chukua upelelezi, hilo halina mjadala. Mjadala ni mpelelezi gani.

Willy Gamba wa Elvis Musiba ni mtu wa serikali. Ana bastola, suti imemkaa, kesho asubuhi ana ndege, na wanawake wanamwangukia hajamaliza hata kutaja jina. Kufa na Kupona kilitoka 1974, siku zile Dar es Salaam ikiwa maskani ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, na adui ni majasusi wa makaburu. Ukikifungua Usa River, unashtuka konda anaita Bomang'ombe. Sentensi fupi, mlango unafunguliwa, risasi, sura mpya.

Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla hana bastola. Ana kiko, ana rafiki yake Najum, na ana maneno. Katika Mzimu wa Watu wa Kale, cha mwaka 1960, mtu kakutwa amekufa mahali pa mizimu, na kwa watu wengine shauri limekwisha: mizimu imefanya kazi yake. Bwana Msa anavuta kiko, anauliza jambo unaloliona la kipuuzi, anaondoka. Unasoma, unasoma, halafu unagundua lile la kipuuzi ndilo lilikuwa kitasa cha mlango. Kiswahili chake ni cha Unguja, kina mizaha ya pembeni ambayo usipokuwa makini inakupita. Nimewahi kucheka peke yangu pale Kikatiti, mama aliyekaa karibu nami akavuta mkoba wake.

Ukitaka cha kusoma mara moja kisha umpe mwingine, Willy. Ukitaka cha kubaki nacho, Bwana Msa. Kufa na Kupona nilikirudia baada ya miaka mingi, nikaona kwamba kilichonikimbiza mara ya kwanza ni kutojua tu. Ukishajua nani msaliti, zinabaki mbio. Halafu wale wanawake wake. Nilipokuwa msichana sikuona kitu. Sasa nina mabinti watatu wanaojifunza kushona chini yangu, nikisoma namna wanavyoingizwa na kutolewa kwenye hadithi kama vifungo vya shati, naona. Bwana Msa nimemrudia mara nne. Muuaji namfahamu, bado napenda njia anayopita kumfikia.

Wapo watakaoniambia nimemsahau Joram Kiango wa Ben Mtobwa. Sijamsahau. Huyo ana akili kidogo ya mmoja na miguu ya mwingine, na kichwa cha habari kama Tutarudi na Roho Zetu? kinatosha chenyewe kumtoa mtu hela mfukoni. Lakini tumesema ni kimoja.

Mwandishi mmoja, vitabu visivyojuana

Turudi kwa binti wa kaka yangu na simu yake. Yeye alikuwa anaelekea Nagona. Sababu zake mbili: ni chembamba, na mwandishi anamjua. Sababu zote mbili ni mtego.

Rosa Mistika cha 1971 ndiyo riwaya ya kwanza ya Kezilahabi. Tuko Ukerewe, kwenye nyumba ya Zakaria, baba anayelewa kupindukia na bado anataka binti zake walindwe kama mayai. Rosa anapigwa kwa sababu ya barua ya mvulana. Anakua hajui kuzungumza na mwanamume, anajua kumwogopa tu. Halafu anatoka nyumbani, anakwenda shule, fimbo ya baba haifiki tena, na hana kingine chochote cha kumshika. Hapo ndipo kitabu kinapouma. Kuna wakati kilipigwa marufuku mashuleni kwa madai kwamba kinaharibu watoto. Baadaye kikaingizwa darasani kuwafundisha watoto wale wale. Sisi bwenini tulikisoma kimevalishwa gazeti. Mwalimu mmoja alikikamata, akasema atakipeleka ofisini. Hakikufika ofisini. Wiki nzima alikuja darasani macho mekundu.

Nilichokipenda: Kezilahabi hamsomi Rosa kama kesi. Anamrudia Zakaria mara kwa mara, anakuonyesha mkono uliopanda mbegu. Nisichokipenda ni mwisho. Misiba inafuatana kama mtu anayefunga duka mvua ikija, kila kitu kinatupwa ndani kwa haraka. Mtu aliyeandika zile kurasa za mwanzo kwa uvumilivu alikuwa na uwezo wa kumaliza taratibu.

Sasa Nagona, cha 1990. Usidanganywe na wembamba. Hakuna nyumba ya Zakaria pale, hakuna mtaa unaoweza kuuliza njia. Kuna mtu anayetembea mahali ambapo kama ni ndoto au ni kaburi au ni kichwa cha mtu, huambiwi. Mara ya kwanza nilipokisoma nilirudi kwa aliyeniuzia nikamwambia kuna kurasa zimenyofoka. Akazihesabu kurasa, zote zilikuwepo. Mara ya pili nilikisoma kwa sauti, usiku, mlango umefungwa, nikaacha kutafuta hadithi. Kikanikubali. Kuna sentensi mle ndani zilizonikalia siku nzima huku nikipiga pasi. Lakini kwenye kosta? Ukifika Maji ya Chai umeshalala.

Nikamwambia binti: chukua Rosa sasa. Nagona kitakungoja, hakizeeki. Na ukikipenda, jua kuna Mzingile cha 1991 kinachofuata njia ile ile.

Hapo hapo niseme la sisi wa Arusha. Kila siku tunapita karibu na mnara wa Azimio la Arusha, bodaboda wanaufanya kijiwe cha kusubiri abiria, na ukimuuliza chalii wa leo Azimio lilisema nini atakwambia lilikuwa la Nyerere, basi. Kezilahabi huyo huyo ana Dunia Uwanja wa Fujo cha 1975. Kijana Tumaini anaponda mali, anafilisika, anajikusanya upya mpaka anakuwa mkulima mkubwa, na hapo ndipo siasa ya ujamaa ya 1967 inapomfikia shambani. Sitasema linalotokea. Ila wanasiasa wanapolitaja Azimio jukwaani mimi huwa namfikiria Tumaini, na nadhani ndivyo riwaya inavyopaswa kumfanya mtu. Kikiwa kwenye meza pamoja na Gamba la Nyoka cha 1979, ambacho kinahusu kuhamishiwa vijijini, chukua hiki cha kwanza. Gamba kina hasira nyingi za haki, ila watu wake sikuwazoea.

Mtoto wa deni na bibi arusi: Peponi au Vuta N'kuvute

Hivi viwili nimeviazimisha pamoja mara nyingi, na kila mara kinachorudi kwanza ni Vuta N'kuvute.

Vinafanana kuliko watu wanavyodhani. Vyote ni vya pwani, vyote vinaanza na mtoto kutolewa na wazazi. Katika Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, kilichotoka 1999, ni Yasmin, msichana wa Kihindi anayeozwa kwa Bwana Raza, mzee kwake. Katika Peponi cha Abdulrazak Gurnah ni Yusuf, mvulana wa miaka 12 anayechukuliwa na tajiri Aziz kulipa deni la baba yake. Hakuna aliyemwambia kwamba yeye ni malipo. Anapanda treni akidhani anakwenda kutembea.

Tofauti ni wanachofanya baadaye. Yasmin anatoroka. Anakwenda kwa Mwajuma, anajifunza mji wa Unguja wa miaka ya mwisho ya Mwingereza, taarabu, mapenzi, na Denge ambaye anataka mkoloni aondoke na haogopi kusema. Kitabu kina joto. Kina vichekesho hata polisi wanapogonga mlango. Wateja wangu wengi wanamaliza kwa siku tatu, wengine wananiletea picha ya gauni wakisema "nishonee kama la Yasmin," utadhani kitabu kina picha. Amil Shivji akaifanya filamu iliyotoka 2021. Ni nzuri, ila soma kwanza.

Yusuf hatoroki. Ananyamaza. Anafuata msafara wa Aziz kwenda bara kufanya biashara, anaona watu wakiugua na kufa njiani, Wajerumani wanakaribia, na yeye anatazama tu kwa macho makubwa. Gurnah aliiandika kwa Kiingereza mwaka 1994, na baada ya kupewa Nobel 2021 ndipo Ida Hadjivayanis akatuletea kwa Kiswahili, 2022. Kusema kweli mara ya kwanza Yusuf alinichosha. Nilimwambia kwa sauti: sema kitu, mtoto!

Kisha akaja kibandani mama mmoja na binti wake wa kazi, kumshonea sare. Binti ana umri wa miaka 14, labda 15. Namuuliza, mwanangu, sketi ifike hapa au hapa? Anamtazama bosi wake. Namuuliza mikono mirefu au mifupi? Anamtazama bosi wake. Nikampima kimya kimya, mabega yake hayakutikisika hata sentimeta. Walipoondoka nilikitoa Peponi chini ya meza ya cherehani nikakianza upya. Yusuf si mjinga wala si mzembe. Mtu aliyewekwa rehani hana mahali pa kutolea sauti, na Gurnah alijizuia kumpa sauti ya bandia ili mimi nifurahi.

Tena sisi wa huku tuna faida yetu. Kuna sehemu nzima ya kitabu Yusuf anaishi katika mji ulio chini ya mlima. Wasomaji wa kwingine wanapita. Mimi nilisoma nikichungulia dirishani.

Kwa hiyo: ukiwa umechoka, ukiwa na msiba, ukiwa unataka kucheka na kulia siku moja, Vuta N'kuvute. Ukiwa na wiki mbili na utulivu, Peponi. Nikilazimishwa kuokoa kimoja nyumba ikiungua, nadhani nitashika Peponi, halafu nitamjutia Yasmin maisha yote.

Shaaban Robert, kama shule ilikuharibia

Mimi iliniharibia. Kusadikika, cha 1951, tulikisoma kwa kukariri: nchi iko angani, Karama ameshtakiwa mbele ya mfalme, anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa huku na huku, kila mmoja akarudi na jambo jema akaishia kifungoni. Wajumbe walikuwa nani, walikwenda upande gani, wanawakilisha nini. Alama 10. Hakuna aliyetuuliza kama tumeogopa.

Nikiwa mtu mzima nimekirudia, na nakiri kina ujasiri: kusema vile mwaka ule, chini ya Mwingereza, si mchezo. Lakini majina yananikera. Anayeitwa Majivuno ana majivuno. Ni kama nguo iliyoshonwa lebo nje.

Ndiyo maana anayetaka kuanza na Shaaban Robert namshikisha Wasifu wa Siti Binti Saad, cha 1958. Hapo hana haja ya kubuni majina, mtu yuko mbele yake: mwanamke wa Fumba, aliyeuza vyungu, akaenda mjini na sauti yake, na mwaka 1928 akarekodiwa santuri kule Bombay. Shaaban anasifu mno, anahubiri kidogo kila baada ya kurasa chache. Ndivyo alivyo, mvumilie. Ila kuna heshima mle ndani kwa mwanamke maskini ambayo hata sasa naiona kwa waandishi wachache.

Mkononi mwingine unaweza kuwa na Mzee Rukhsa cha Ali Hassan Mwinyi, kilichotoka 2021. Hicho ni kinene, ni cha mtu anayeikumbuka miaka ya 1980 ya foleni za sabuni na unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Mwinyi anasimulia kama babu aliyekaa barazani, hana haraka, hajipigi kifua sana. Mimi nilikuwa na kisa changu na yeye: alipofungua milango ya biashara, mitumba ikamwagika, na fundi aliyenifundisha kazi alikuwa akisema rukhsa ile ilimkata mkono wa kulia. Nilikisoma nikiwa nimekunja uso. Nilipofika katikati uso ukakunjuka wenyewe, sijui hata ukurasa gani. Lakini kwa kijana ambaye hajawahi kupanga foleni ya sabuni, Siti atamfikia upesi zaidi.

Kwa kifupi, kwa sababu sina mengi

Mashairi: kabla hujanunua, nenda uwanja wa mpira. Tunapiga kelele Sheikh Amri Abeid kila kukiwa na mechi, na wengi hawajui aliyepewa jina lile alikuwa mshairi, aliyetoa Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri mwaka 1954. Vina, mizani, vituo, kila kitu kwa kipimo. Miaka 20 baadaye, 1974, Kezilahabi akaja na Kichomi akavitupa vina nje. Kama fundi ningepaswa kuwa upande wa Sheikh, mtu wa futi na chaki. Niko upande wake kwa kujifunza, na upande wa Kichomi kwa kusoma usiku. Ukiwa unataka kutunga, nunua cha kwanza. Ukiwa unataka tu kukaa na mtu anayewaza, cha pili.

Tamthilia: Ngoswe cha Edwin Semzaba au Kinjeketile cha Ebrahim Hussein? Kinjeketile ni kikubwa zaidi, kina Maji Maji na swali la mtu anayezidiwa na neno lake mwenyewe. Lakini kama mko wengi sebuleni na umeme umekatika, Ngoswe, karani wa sensa aliyeacha kuhesabu watu akaanza kuhesabu mapenzi. Gawaneni sehemu. Mjomba mmoja awe Mitomingi, baba wa msichana.

Kwa kijana wa sekondari, Siku Njema cha Ken Walibora na Watoto wa Mama N'tilie cha Emmanuel Mbogo. Hiki cha pili ni kweli tupu, watoto wanafukuzwa shule kwa umaskini, na kijana wa Unga Limited hahitaji kitabu kumwonyesha hilo. Siku Njema kina barabara: Kongowea anatoka Tanga kwenda Kenya kumtafuta baba yake. Mpe barabara.

Tafsiri za kizamani, Juliasi Kaizari cha Nyerere au Shamba la Wanyama alichokitafsiri Fortunatus Kawegere: Shamba. Kaizari nakiheshimu sana. Kimekaa rafu ya juu.

Cha kumsomea mama

Hapa ndipo nilipokosea, na hela yangu ikaenda.

Mama yangu macho yamefifia. Jumapili baada ya misa namsomea jikoni, ndizi zikiwa motoni, na yeye anachambua maharage kwa vidole bila kutazama. Nikasema, mwanamke wa Kibosho, amezaliwa mgombani, nitamletea nini kama si kitabu cha Wachagga wenyewe? Nikatafuta Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera cha Petro Itosi Marealle, kilichochapwa 1947. Marealle alikuwa mangi, yaani chifu, wa Marangu, mtu aliyejua anachokisema. Anaanza mtu anapozaliwa, anakwenda naye hadi afe, na akishakufa bado hamwachi. Kwa anayetaka kujua babu zetu walifanya nini na kwa utaratibu gani, sijaona kilichokipita. Nimekitumia mwenyewe kuelewa mambo ambayo kwenye vikao vya ukoo yalikuwa yananipita juu ya kichwa.

Nikaanza kusoma. Ukurasa wa pili mama akanyanyua mkono.

"Huyo ni wa wapi?"

"Marangu, mama."

"Eee." Akaendelea na maharage. Kidogo tena: "Sisi hatukufanya hivyo." Nikasoma aya nyingine. "Hivyo ni huko kwao." Saa nzima ikawa kesi kati ya Kibosho na Marangu, na Marangu haikuwa na wakili. Hakuudharau ukweli wake. Ni kwamba kila alichoeleza Marealle, mama alikuwa na cha kwake cha kuweka badala yake. Kitabu kilikuwa kinamfundisha anachokijua.

Jumapili iliyofuata nikaja na kingine, kwa sababu tu ndicho nilikuwa nakisoma mwenyewe: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka cha Aniceti Kitereza. Kitereza alikuwa Mkerewe. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, hakuna aliyekichapa. Akakaa nacho. Akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kilipochapwa ilikuwa 1980. Mwaka uliofuata akafariki. Miaka 35 kitabu kimelala ndani ya nyumba. Ni kinene, na kwa mtu wa kosta ni adhabu: watu wanaamkiana mpaka waishe, mtu akila unaambiwa amekula nini na amenawa vipi, na safari ya kutembelea wakwe inachukua kurasa ambazo Willy Gamba angekuwa ameshafika Ulaya na kurudi.

Habari yenyewe ni ndogo. Mume na mke wanapendana, hawana mtoto, ndugu wanasema maneno, wakwe wanamchukua binti yao. Myombekere anakwenda kumwomba mkewe arudi, na anatozwa faini ya pombe ya ndizi.

Mama akaacha maharage.

"Pombe ya ndizi? Wakerewe?"

"Ndiyo mama."

"Na ulezi wanatia?"

Nikamwambia tusome tuone. Nikasoma. Hakunikatiza tena, ila pale ndugu wa mume walipoanza kumsema Bugonoka alitoa sauti ya kooni, ile anayoitoa msibani. Ndizi zikaungua chini. Mama alikaa miaka sita kwenye ndoa kabla hajanipata mimi. Hilo nilikuwa nalijua kama tarehe tu. Siku ile, bila mimi kuuliza, akanisimulia nani alimwambia nini, alikuwa amesimama wapi, na baba alijibuje.

Kwa hiyo, viwili hivi vikiwa mkononi mwako: wewe wa mjini uliyezaliwa Njiro au Soweto, usiyejua hata jina la kihamba chenu, shamba la ukoo, chukua Marealle, kitakusaidia. Kama unamnunulia mzazi, mpelekee Mkerewe.

Jumamosi iliyopita nilichelewa kufunga, kulikuwa na sare za kipaimara. Mama akapiga simu, hakuuliza kama nimekula. "Mwanangu, ukija ulete yule wa Ukerewe. Huyo wa Marangu mwache huko huko Arusha apumzike."